Ua la Bluu Kwenye Karatasi ya Patroni

Leo sikukujibu vizuri pale tulipokuwa tunakula. Uliuliza, "Mama, hapa penye ua la bluu ndipo mulikuwa munakaa na baba?" nami nikacheka, nikageuka kumwongezea mume wangu Rashidi mboga ya sombe, nikasema ndiyo, ndipo hapo, kula kwanza. Ukasema Jumapili yako ya kwanza mjini utaenda kukaa hapo peke yako, usikie walichokuwa wanakisikia wazazi wako. Nikasema vizuri. Zuhura mwanangu, nilisema vizuri.

Sasa umeenda Gatete kumuaga bibi yako. Utarudi kabla ya magharibi, kwa hiyo muda nilio nao ni mfupi. Begi lako liko hapa kitandani, nakunja nguo zako upya maana umezikunja kama mtu anayekimbia, na chini kabisa, kati ya vitenge viwili, nimeikuta karatasi yangu, ile ramani ya mji yenye ua la bluu. Sikukasirika. Nilikaa tu, nikaiweka magotini, nikaiangalia mpaka chai ikapoa.

Mambo ya chandarua, ya viatu vya kuvaa mvua ikinyesha, ya nani uanze kumsalimia ukifika kwa Shangazi Asha, nimekuambia mpaka umeanza kuyasema kabla yangu. Siyarudii. Nataka kukuandikia kuhusu karatasi hii, kwa sababu kesho asubuhi utaondoka nayo kwenda Bujumbura, na mimi ndiye niliyeichora.

Najua unavyoniona siku hizi. Juzi ulikuwa unachambua mchele, ukaniita mara tatu, mimi niko mlangoni namwangalia Rashidi akipanda kutoka kwenye kinu cha mawese. Ukasema, "Mama, tangu uolewe uko na raha mpaka hausikie mutu." Nikakujibu, "Acha wivu, weye mutoto, na wewe utaolewa." Tukacheka wote wawili. Lakini neno lako liliniingia mahali pabaya na mpaka leo halijatoka.

Ni kweli nina raha. Wiki saba za ndoa na bado nikisikia viatu vyake nje nashika kitambaa changu cha kichwa nione kama kimekaa sawa. Anarudi mikono yote ni myekundu kwa mafuta mpaka kwenye viwiko, anatafuta kidole kimoja kisicho na mafuta, na kwa kidole hicho kimoja ananigusa pua. Mwanamke wa miaka arobaini na mbili! Na maneno yake, Zuhura. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi Nyanza-Lac akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka majirani wanamwomba arudie. "Mke wangu, leo umependeza kupita kiasi." Nani kwenye mtaa huu aliwahi kuambiwa kupita kiasi? Mama Kashindi, yule jirani yetu Mkongomani anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, ananiambia kila siku, "Weye, bwana yako anasema kama redio. Ikizimika utanipigia." Nacheka mpaka nashika ukuta. Kama ningeweza ningekukatia kipande cha raha hii nikuwekee kwenye begi.

Lakini mara ya mwisho nilipokuwa na raha ya namna hii nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na aliyeilipia ni baba yako.

Nilikuwa nimeolewa kutoka Gatete nikapelekwa Buyenzi, mjini Bujumbura. Wewe unajua Gatete ilivyo: ukitoka mlangoni unaingia chini ya michikichi, na humo ndani mtu anaweza kujisikia akimeza mate. Buyenzi kulikuwa kitu kingine. Kwenye lupango letu, nyumba zote ndani ya ukuta mmoja, tulikuwa familia nne. Barazani kulikuwa na cherehani tatu, ya baba yako na za wenzake wawili, na ng'ambo ya barabara walikuwa wananyoosha mabodi ya magari kwa nyundo tangu jua linatoka. Nilimpenda Salumu, baba yako, Mungu anajua. Nilimpenda hata nikishika gauni aliloshona la mwanamke mwingine naona wivu. Lakini baada ya miezi mitatu nyundo zilikuwa zinagonga ndani ya kichwa changu hata mafundi wakiwa wamekwenda kula.

Kwa hiyo nikaanza kutembea.

Sikuwa na mtu wa kunionyesha njia. Nilikuwa natoka Jumapili asubuhi, nafika mahali barabara zinapogawanyika, naangalia ni upande gani kuna mti mkubwa zaidi, naenda huko. Nikiufikia mti ule natafuta mwingine. Siku nyingine nilifuata njiwa. Siku nyingine nilifuata mfereji, kwa sababu niliona kwamba maji ya mvua yakishuka mjini yanatoka mahali, na mahali hapo kuna majani. Nilijifunza kwamba mji mkubwa una matundu ya kupumulia. Hauyaonyeshi kwa mgeni, lakini yapo: nyuma ya ukuta wa shule siku watoto hawapo, ngazi za mawe zinazopanda mlima wa Kiriri, kona ya barabara ambayo hakuna mtu aliyekumbuka kuijenga. Nilikaa mahali hapo nusu saa, bila kufanya lolote, nikarudi nyumbani mtu mwingine. Baba yako alikuwa ananiona tu mlangoni, anasema, "Leo umepata. Nimeona kwenye mabega."

Ni yeye aliyenipa kipande hiki cha karatasi ya patroni, ile ya kahawia aliyokuwa anakatia vipimo, na kalamu yake ya bluu. Akasema, "Chora unapokwenda, nisije kukutafuta hospitali." Kila niliporudi niliongeza mahali. Barabara ni mkono wangu. Miti yote, Zuhura, miti yote unayoiona hapo ni mkono wa baba yako, kwa sababu alisema miti yangu inafanana na mifagio. Sijawahi kukuambia hilo. Angalia ule wenye matawi yanayoinama kushoto: alikuwa anachora huku ananicheka.

Siku zile nilikuwa bado nasikia watu. Kule juu Kiriri kulikuwa na zamu, mlinzi wa nyumba moja kubwa, anavaa koti la mvua hata jua likiwaka. Alinikuta nimekaa chini ya ukuta wenye maua.

"Amahoro, mama."

"Amahoro."

"Unangojea mutu?"

"Nangojea kimya."

Akacheka akaonyesha meno mawili. "Kimya iko. Lakini ngojea upande ule. Hii ukuta inakunywa maji, siku moja italala." Nikahama. Wiki mbili baadaye nilipanda tena nikaukuta umelala, na maua yake yote chini yake. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda mchezo. Nikaona nimeshakuwa mtu wa mjini.

Sasa, unajua kwetu Gatete hakuna anayeshuka ufukweni mahali pasipo pake bila kumwuliza mtu wa kwanza anayemkuta: maji yameamkaje? Mtu mzima anauliza, mvuvi anauliza, hata mwanamke aliyekuja kuosha sufuria moja anauliza. Jibu linaweza kuwa yameamka vizuri, au leo usiteke karibu na matete, na unashukuru unaendelea. Na ukipita bila kuuliza hakuna atakayekukimbilia. Wanaona kama umeshajua.

Shangazi yako Asha alinisikia siku moja nikimwuliza hivyo msichana aliyetoka kuchota maji kwenye robine, bomba la mtaa. Ilinitoka tu mdomoni. Lupango zima likacheka. "Maji yameamkaje! Wifi, hapa maji inaamka kwenye robine, tena ikitaka!" Tangu siku hiyo jina langu likawa Maji-Yameamka. Watoto waliniita hivyo, fundi wa cherehani ya pili aliniita hivyo. Asha hakuwa na ubaya, alikuwa msichana wa miaka kumi na saba mwenye mdomo. Baba yako peke yake hakucheka. Lakini mimi niliona aibu, nikaapa moyoni kwamba hakuna mtu katika mji huu atakayenisikia nikiuliza swali hilo tena.

Pale penye ua nilipapata baada ya hapo. Ukishuka kutoka barabara ya ziwani, unapita uzio wa zamani ulioanguka, unapita matete, halafu unatokea mahali pa wazi ambapo mara ya kwanza nilishika mdomo. Nyasi fupi, laini, zimelingana kama zulia la msikitini, na mbele yake ziwa lote mpaka milima ya Kongo. Hakuna mtu. Mji mzima ule, watu wanagombania hata kivuli cha nguzo, na pale hakuna mtu hata mmoja.

Nyumbani ningejua. Nyumbani nikiona nyasi za ufukweni zimekatwa sawasawa na hakuna kinyesi cha ng'ombe wala cha mbuzi, nisingeongeza hatua, ningegeuka. Wewe mwenyewe ungegeuka ukiwa na miaka sita. Lakini mjini nilikuwa nimeona kwa macho yangu wanaume wanalipwa kunyoa nyasi kwa mashine mbele ya nyumba za wakubwa. Nilidhani mjini kila kitu kimefanywa na mtu.

Nilikaa pale mara tatu peke yangu, asubuhi, na hakuna kilichotokea. Ndipo nikachora ua. Mara ya nne nilimchukua baba yako, na kwa kuwa alikuwa na kazi ya kumaliza, tulikwenda baada ya alasiri.

Nilikuwa nimevaa suti ya kitenge aliyonishonea, ya rangi ya machungwa, aliyoiachia nafasi kiunoni kwa ajili yako. Ulikuwa na miezi minne tumboni. Alikuwa anakuita mteja mdogo. Nilitembea kwenye barabara ile kama mji mzima umeolewa na mimi. Tulipofika kwenye uzio ulioanguka kulikuwa na mama mmoja anakata matete ya kusukia mikeka. Alituona, akaweka mundu chini, akanyooka, akaniangalia usoni. Nilimjua mara moja ni mtu wa namna gani, maana alikuwa mtu wa namna yangu. Alikuwa anangojea kuulizwa. Midomo yangu ilikuwa na lile swali tayari, nalikumbuka lilivyokaa kwenye ulimi. Na mume wangu alikuwa pembeni yangu, na suti yangu ilikuwa mpya, na nikasikia sauti ya Asha kichwani: inaamka kwenye robine. Nikainua kichwa nikapita.

Baba yako alipoona zile nyasi alivua viatu. "Nani amekata hizi?"

"Watu wa serikali, wa komini."

"Komini gani? Hawajaziba shimo la avenyu yetu, waje wanyoe nyasi?" Akapitisha kiganja juu yake polepole, kama anavyopima kitambaa. "Huyu ni fundi, Mwajuma. Huyu iko na mkasi mzuri kuliko wangu."

Tulicheka sana kwa neno hilo. Nimelisikia kila siku kwa miaka kumi na tisa.

Tulitandika kitenge. Tulikula mukeke, samaki wa kuchoma tuliyemnunua njiani, akaweka sikio tumboni kwangu akasema mteja mdogo analalamika kwamba nguo inambana. Jua likaanza kushuka. Halafu ndege wa kwenye matete wakanyamaza, wote kwa mara moja. Kwetu jambo hilo lina maana, na niliisikia maana yake, nikaisukuma mbali kwa sababu nilikuwa nimelaza kichwa kwenye paja la mume wangu na sikutaka kuinuka.

Salumu akasema, "Twende, magharibi itatukuta njiani."

Nikasema, "Kidogo tu."

Akasema tena. Nikamshika mkono. "Kidogo tu, jua liguse milima."

Nyuma yetu, upande wa nchi kavu, matete yakafunguka. Hayakuvunjika kwa kelele. Yalifunguka kama mtu anayesogeza pazia. Alikuwa amelala humo mchana kutwa, na sisi tulikuwa tumetandika kitenge chetu katikati ya njia yake ya kurudi majini. Yule mama wa matete alipiga ukelele kule kwenye uzio, "Imvubu! Imvubu!" na mimi neno hilo la Kirundi, kiboko, nalijua tangu nanyonya, lakini miguu haikulijua. Baba yako alikuwa ameinama anakunja kitenge. Alinisukuma kwa mikono miwili, kwa nguvu ambazo sikujua kwamba fundi cherehani anazo, nikaangukia upande wa matete. Yeye akabaki njiani.

Sitakuandikia zaidi ya hapo. Haikuchukua muda wa kushona kifungo kimoja. Na ujue kwamba na wewe ulikuwepo.

Yule mama alinifunika kwa nguo yake, akaniketisha barabarani mpaka watu wakaja. Aliniambia maneno, na hakuyasema kwa ubaya, alikuwa analia kuliko mimi. "Nilitaka kukuambia. Nilingojea uniulize. Haukuniuliza, nikasema hawa ni watu wa mujini, wanajua."

Tulimzika kesho yake. Bibi yako wa Buyenzi, Mungu amrehemu, aliniuliza swali moja tu: ni nani aliyetaka mkae mpaka saa ile? Asha alikuwa ameketi pembeni yake. Nilikuwa na tumbo la miezi minne, na nikasema, ni Salumu. Nikasema nilimwomba tuondoke, akakataa.

Hilo ndilo kosa, mwanangu. Lile la kwanza lilikuwa la ujinga na la aibu ya msichana, na naweza kulibeba. Hili la pili nililifanya macho yakiwa wazi. Mpaka leo Asha akimtaja kaka yake anasema, "Maskini, alijitakia." Utalisikia neno hilo nyumbani kwake. Utalisikia wiki ya kwanza. Na wewe, nilipokuwa nakulea hapa Rumonge, ulipouliza nilikuambia ziwa lilimchukua. Ukafikiri ni mtumbwi uliozama. Nikakuachia huo mtumbwi, maana ulikuwa mwepesi kuliko ukweli.

Mtu wa kwanza kumwambia haya ni Rashidi. Ni juzi tu, baada ya neno lako la raha. Niliogopa atanitazama kwa jicho lingine. Alijifuta vidole kimoja kimoja, halafu akasema, "Mke wangu, hili si la kuniambia mimi." Basi. Hakuongeza. Nilipoikuta karatasi leo nikamwambia naitoa begini, naichoma, akasema, "Ukimnyang'anya karatasi atakwenda kwa kukumbuka." Unaona nimeolewa na mtu wa namna gani? Ndiyo maana nimeirudisha mahali pake, kati ya vitenge viwili, na barua hii nitaikunja ndani yake ili usiweze kuifungua moja bila nyingine.

Lakini soma hili kwa makini. Ramani hiyo ni ya mji ambao haupo tena. Mianzi niliyoichora juu ya mto Ntahangwa imeshaanguka pamoja na ukingo uliokuwa umeibeba. Asha aliniambia kwenye simu kwamba hata nyumba zilizokuwa nyuma yake zinaning'inia. Kiriri wamekata miti, wamejenga kuta. Na ziwa limepanda. Hapa kwetu umeona mwenyewe: nyumba za mstari wa chini zimebaki paa, na kijiti anachochomeka Rashidi ukingoni ili tujue maji yamefika wapi, leo asubuhi hakikuonekana. Amechomeka kingine, karibu zaidi na mlango wetu. Kule Bujumbura ni ziwa hilihili. Pale penye ua huenda sasa ni maji matupu. Usifarijike kwa hilo. Aliyekuwa anakula pale hajafa njaa. Maji yakipanda na yeye anapanda, anatafuta nyasi nyingine, kwenye bustani, kwenye mifereji, nyuma ya kuta za watu. Sijui sasa hivi anakula wapi kwenye karatasi ile, na ndicho kinachonifanya niandike haraka hivi. Yawezekana ni mahali nilipochora mti mzuri tu.

Sikukatazi kutembea. Nakujua. Ukikaa siku kumi ndani ya kelele bila kuona jani utaanza kuumwa kichwa kama mimi, utaanza kujibu watu vibaya, na shule ya uuguzi itakuwa mzigo. Tembea, mama yangu. Fuata mti mkubwa, fuata njiwa. Mji ule utakupa mahali pazuri ambapo mimi sikupaona, na ukipapata utapachora mwenyewe, kwa kalamu ya rangi nyingine. Ila kimya cha mjini si kama cha michikichi. Cha michikichi kimekuwepo siku zote. Cha mjini kuna mtu amekiacha, na kila ninapokutana nacho, hata sasa nikienda huko kwa siku mbili, nywele za shingoni zinasimama mpaka nijue ni nani aliyeondoka na kwa nini. Watu wanaobanana vile wakiacha uwanja mzima wa majani, hawakuusahau.

Nimejifunza kwamba anayejua yuko karibu sikuzote. Ni yule anayeuza karanga kwenye kona, au zamu, au mwanamke anayefua mferejini. Wanajua na wanangojea. Mimi hasara yangu yote ilikuwa hatua nne na swali moja. Na sikuogopa hatari hata kidogo, niliogopa kuchekwa. Wewe una kichwa cha baba yako na mdomo wa shangazi yako, labda kuchekwa hakutakuumiza. Lakini utakuwa mgeni, utakuwa na wenzako wa shule wenye simu nzuri, watakuita mtu wa mawese, na kuna siku utajikuta unainua kichwa unapita. Siku hiyo ndiyo ninayoiogopa.

Na kuna jambo jingine, nalisema taratibu kwa sababu ninaona haya. Hii raha yangu. Usidhani najutia. Namwomba Mungu anizeeshe nayo. Lakini ulisema haisikii, na ni kweli kwamba haisikii. Jumatatu Mama Kashindi aliniita mara mbili kuniambia mtoto wake ameona kitu kikubwa kimelala kwenye matete chini ya nyumba yake, nami nilikuwa nacheka na Rashidi nikamjibu ndiyo, ndiyo, bila kugeuka. Ni usiku ndipo neno lile lilipofika masikioni. Asubuhi nilikwenda kuangalia. Nyasi za pale zilikuwa fupi, Zuhura. Zimelingana.

Tumewaambia watu wote wa mstari wetu. Hakuna anayeshuka tena baada ya alasiri, na Rashidi amepiga uzio wa miti, ingawa wote tunajua uzio ule ni wa kujipa moyo tu. Nilirudi ndani nikaketi. Nikaona mtu anaweza kufundishwa jambo kwa bei ile niliyolipa mimi, na bado likampita akiwa na furaha ya kutosha.

Nasikia sauti yako barabarani, unaagana na mtoto wa Mama Kashindi. Namaliza.

Usiende penye ua. Usipite hata uzio ulioanguka, kama bado upo, hata asubuhi, hata ukiwa na wenzako kumi. Na neno la Asha ukilisikia, maskini alijitakia, usigombane naye na usimsahihishe. Si kazi yako. Ni mimi niliyelitia mdomoni mwake, na ni mimi nitakayelitoa, nikiwa nimeketi mbele yake, si kwa simu wala kwa barua.

Rashidi ameshakubali nikufuate mjini. Atabaki na kinu na kijiti chake, mimi nitapanda gari la asubuhi. Nitaanza na Asha. Sijui atanifanya nini, labda atanifukuza, basi nitakungojea nje kwenye avenyu. Halafu mimi na wewe tutashuka ziwani saa sita mchana, kwa barabara kubwa, tumeshikana mikono, mpaka tutakapomkuta mtu wa kwanza. Nitamwuliza kwa sauti maji yameamkaje, na mji mzima unicheke. Akisema tusimame hapo, tutasimama hapo hapo, na kutoka hapo nitakuonyesha kwa kidole mahali baba yako alipovua viatu.

Ua lile liache bila kuguswa mpaka nifike. Nakuja, Zuhura. Mwezi huu hautaisha kabla hujanisikia nikibisha hodi kwa shangazi yako.

Mama yako,
Mwajuma